Hector alikufa kwa ajili ya Troy, au kwa sababu ya kuona haya? Tumpime sambamba na Achilles

MLETA UZI

Wanajamvi, salaam.

Nimefundisha fasihi kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, na kila ninapowasimulia wanafunzi vita vya Troy, darasa hugawanyika kabla sijafika mwisho. Walio wengi humchukua Hector, kwa kuwa ana mke, ana mtoto mchanga, ana wazazi wazee, na anaulinda mji aliozaliwa. Wachache humchukua Achilles, na hata hao humpendea nguvu na mbio zake tu, wala hawathubutu kuitetea tabia yake. Kwa muda mrefu nami niliwafundisha hivyo hivyo: kwamba Hector alipigania watu wake na Achilles akapigania nafsi yake. Leo siiamini tena hukumu hiyo, na nimeleta uzi huu ili nieleze kwa nini, kisha mnikosoe.

Kwa wale ambao hawajausoma utenzi wenyewe, Iliad ni utenzi wa Kigiriki unaokadiriwa kuwa wa karne ya 8 kabla ya Kristo, unaonasibishwa na Homer, wenye vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000. Hausimulii miaka yote kumi ya vita. Wagiriki wameuzingira mji wa Troy; Achilles ndiye shujaa wao mkuu, na Hector, mwana wa mfalme Priam, ndiye mlinzi mkuu wa mji. Unachukua majuma machache tu ya mwaka wa kumi, na neno lake la kwanza kabisa ni ghadhabu, yaani ghadhabu ya Achilles.

Tuanze na chanzo cha ghadhabu hiyo, maana hapo ndipo Achilles anapohukumiwa upesi mno. Chryses, kuhani wa mungu Apollo, anafika kambini na fidia ili amkomboe binti yake. Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wagiriki, anamfukuza kwa dharau, na Apollo anaipiga kambi kwa tauni siku tisa. Siku ya kumi anayeitisha baraza ni Achilles, si Agamemnon, na anayemwapia mwaguzi Calchas kwamba hakuna atakayemgusa akisema ukweli ni Achilles pia. Kwa hiyo mtu huyu tunayeambiwa ni mbinafsi anaingia katika utenzi akitafuta namna ya kuwaokoa askari wanaokufa, na malipo yake ni kunyang'anywa Briseis, mwanamke ambaye jeshi zima lilimpa kuwa tuzo yake. Kumgawa mwanamke mateka kama ng'ombe ni unyama, na sitaki tupite hapo kana kwamba hatukuona; lakini katika ulimwengu wa utenzi huu tuzo ilikuwa ndiyo heshima yenyewe iliyopewa umbo la kuonekana kwa macho, na aliyenyang'anywa tuzo mbele ya baraza alikuwa amevuliwa utu wake hadharani.

Ndipo Achilles anaposema jambo ambalo sikulipa uzito nilipolisoma mara ya kwanza. Anasema kwamba watu wa Troy hawajamkosea lolote. Hawajapata kumwibia ng'ombe wala farasi, wala kuharibu mazao ya kwao Phthia, kwa kuwa kati yake na wao kuna milima mingi yenye vivuli na bahari yenye mngurumo. Alikuja kuwapigania Agamemnon na ndugu yake Menelaus, ili wao wapate heshima na yeye apate yake. Heshima ikiondolewa, vita vyote kwake havina maana, na anayasema hayo akiwa bado amesimama katikati ya baraza, mbele ya wale wale waliomleta.

Katika kitabu cha 9 analifikisha wazo hilo mbali zaidi. Ameshajitenga na vita, na Odysseus, Phoenix na Ajax wanatumwa kumbembeleza arudi, nao wanamkuta akipiga kinubi na kuimba sifa za mashujaa, rafiki yake Patroclus ameketi mbele yake kimya akimngojea amalize. Zawadi anazoahidiwa ni nyingi kupita kiasi: vyungu saba vya miguu mitatu, talanta kumi za dhahabu, masufuria ishirini, farasi kumi na wawili washindi wa mbio, wanawake saba wa Lesbos, Briseis mwenyewe kurudishwa, binti wa Agamemnon kuwa mkewe, na miji saba. Anakataa yote. Anasema mwoga na shujaa wanapata fungu lile lile, na kifo kinamchukua aliyefanya mengi sawa na asiyefanya kitu. Mifugo mtu anaweza kuipora, vyungu anaweza kuvipata, lakini roho ikishavuka ua wa meno hairudi kwa kuporwa wala kwa kununuliwa. Kisha anaeleza kwamba mama yake, mungu wa bahari Thetis, amemwambia ana njia mbili: akikaa na kupigana atakufa hapo hapo na sifa yake haitakufa, na akirudi nyumbani sifa itapotea ila ataishi maisha marefu. Sijui shujaa mwingine wa zama hizo anayeiweka heshima mezani namna hiyo na kuuliza kama kweli inastahili bei yake.

Sasa tumtazame Hector katika kitabu cha 6. Ametoka vitani kwa kitambo kidogo, anakutana na mkewe Andromache langoni, yaya amembeba mtoto Astyanax. Andromache analia na kumkumbusha kwamba Achilles ndiye aliyemuua baba yake Eetion pamoja na ndugu zake saba kwa siku moja, na mama yake naye akafariki baadaye. Kwa hiyo Hector kwake ni baba, ni mama, ni kaka, na ni mume. Halafu, na hapa ndipo wengi tunaposoma haraka, hamwombi aache kupigana. Anampa shauri la kivita: aliweke jeshi karibu na mtini, mahali ambapo ukuta unakweleka kwa urahisi, maana adui wameshajaribu hapo mara tatu. Hector halijibu shauri hilo. Anasema anawaonea haya wanaume wa Troy na wanawake wao wenye mavazi marefu yanayoburura, endapo atajiweka kando ya vita kama mwoga, na kwamba amejifunza siku zote kupigana mstari wa mbele akimtafutia baba yake sifa kubwa, na yake mwenyewe. Kisha anaongeza kwamba anajua moyoni siku itafika ambapo Troy itaangamia.

Mtu anayejua mji utaanguka, akaambiwa ukuta uko dhaifu wapi, akajibu kwamba anaona haya. Sisemi hana mapenzi. Mara tu baada ya hapo anamnyoshea mtoto mikono, mtoto anarudi nyuma kifuani mwa yaya akilia, ameogopa shaba ya kofia na shungi la singa za farasi linalotikisika juu yake. Wazazi wanacheka. Hector anaivua kofia, anaiweka chini ikiwa inang'aa, anambusu mtoto na kumrusharusha, kisha anamwombea kwa miungu. Lakini sikilizeni anachomwombea: kwamba siku moja watu waseme huyu amempita baba yake kwa mbali, akirudi kutoka vitani na silaha zenye damu za adui aliyemuua, na mama yake afurahi. Kofia iko chini, lakini anachomtakia mwanawe ni kofia hiyo hiyo.

Haya hiyo ndiyo inayoupoteza mji. Katika kitabu cha 18, Hector amemuua Patroclus, na Achilles ameshatokea kwenye handaki na kupiga ukelele, na Polydamas, aliyezaliwa usiku mmoja na Hector, anashauri jeshi lirudi ndani ya kuta usiku huo huo. Lilikuwa shauri sahihi. Hector analikataa mbele ya watu wote, watu wanamshangilia, na Homer mwenyewe anaingilia kati kuwaita wajinga. Kesho yake mto umejaa maiti. Na katika kitabu cha 22, Hector amesimama peke yake nje ya lango, baba na mama yake wanamlilia kutoka juu ya ukuta aingie, naye anajisemea moyoni kwamba akiingia, Polydamas atakuwa wa kwanza kumlaumu. Kwamba ameliangamiza jeshi kwa ukaidi wake. Kwamba anawaonea haya wanaume wa Troy na wanawake wao wenye mavazi marefu. Mstari wa Kigiriki ni ule ule, neno kwa neno, aliomwambia mkewe katika kitabu cha 6. Anabaki nje ili asisikie watu watakachosema. Anakufa, na Troy inabaki bila mlinzi.

Basi hoja yangu ni hii: wote wawili walisukumwa na heshima, ila Achilles aliihoji na Hector hakuwahi kuihoji. Hector ni mtu mwema zaidi kuishi naye nyumba moja, hilo nalikubali bila ubishi. Lakini hakuwa huru.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kazi kubwa, lakini nadhani umemwonea Hector, na Achilles umempunguzia deni lake kupita kiasi.

Umesema Achilles aliingia akitafuta kuwaokoa askari. Ni kweli. Lakini kitabu hicho hicho cha 1 hakijaisha kabla hajamwomba mama yake aende kwa Zeus, mkuu wa miungu, kuomba kwamba watu wa Troy washinde, Wagiriki wabanwe hadi kwenye merikebu zao na kuuawa, ili Agamemnon aione hasara ya kumdharau. Hao ni wenzake aliokula nao miaka tisa. Hector, pamoja na makosa yake yote, hakuwahi kuomba mtu mmoja wa Troy afe ili yeye apate kusifiwa. Ukiwaweka kwenye mizani, hilo peke yake lina uzito kuliko maswali yote ya kifalsafa ya kitabu cha 9.

Pili, umeacha sehemu ya maneno ya Hector kwa mkewe. Baada ya kusema mji utaanguka, anasema kinachomuumiza zaidi si mateso ya watu wa Troy, si ya mama yake Hecuba, si ya mfalme Priam, wala si ya ndugu zake wengi watakaoanguka mavumbini. Kinachomuumiza ni kumwaza Andromache akiburutwa na Mgiriki, akifuma nguo kwa amri ya mwanamke mwingine kule Argos, akichota maji kwenye chemchemi ya ugenini, na mtu akimwona analia aseme huyu alikuwa mke wa Hector. Anatamani awe amefukiwa kwa udongo kabla ya kusikia kilio chake. Mtu anayepigania jina lake tu hawezi kuyaona mambo hayo kwa uwazi namna hiyo.

Tatu, shahidi wa tabia yake si mkewe pekee. Katika kitabu cha 24 Helen, mke wa Menelaus aliyeletwa Troy na kuwa chanzo cha vita, ambaye kila mtu mjini alikuwa na sababu ya kumchukia, anasimama juu ya maiti na kusema kwamba kwa miaka yote hiyo hakusikia kwa Hector neno moja la kumuumiza, na kwamba wengine walipomsema vibaya, Hector aliwazuia kwa upole. Nani anaweza kusema hivyo juu ya Achilles?

MLETA UZI

Nakubali hoja yako ya kwanza yote, na ninakushukuru kwa kuileta, kwa sababu ombi lile kwa Zeus ndilo kosa kubwa la Achilles na mimi nililipita. Lakini tazama ni nani anayemshitaki kwa kosa hilo. Patroclus anapokufa, katika kitabu cha 18, Achilles anamwambia mama yake kwamba Zeus ametimiza kila alichoomba, na kwamba hakuna tamu yoyote ndani yake, kwa kuwa rafiki aliyemthamini kama nafsi yake ameangamia. Anajiita mzigo usio na faida juu ya ardhi, aliyekaa kando ya merikebu akawaacha wenzake wengi wafe. Anatamani ghadhabu yenyewe itoweke kwa miungu na kwa wanadamu, ghadhabu ambayo ni tamu kuliko asali inayotiririka na inajaa kifuani mwa mtu kama moshi. Hajitetei hata kwa neno moja. Hector naye anakiri kosa lake katika kitabu cha 22, lakini kukiri kwake kunampeleka mahali tofauti: anakiri, kisha anahitimisha kwamba ni afadhali afe kwa sifa mbele ya mji kuliko kuingia ndani akasutwe. Ilhali kuingia ndani kungewafaa wale wale anaowaonea haya.

Juu ya sifa, naomba pia usome kitabu cha 7. Hector anawataka Wagiriki wamtoe mtu wa kupigana naye, na anasema akimuua atairudisha maiti ili wenzake wamjengee kaburi kando ya mlangobahari wa Hellespont, na siku moja baharia apitaye kwa merikebu atasema hili ni kaburi la mtu wa zamani aliyeuawa na Hector. Kaburi ni la mwingine, sifa ni yake. Picha hiyo nzuri mno imenikaa kichwani kwa miaka, na kila nikiikumbuka namwona mtu aliyekwisha kujigeuza kuwa simulizi akiwa bado hai. Andromache aliiona bei ya jambo hilo. Katika maombolezo yake ya kitabu cha 24 hamsifu mumewe kwa ushujaa. Anamlalamikia kwamba hakufa kitandani akimnyoshea mikono, wala hakumwachia neno moja la busara la kukumbuka usiku na mchana akilia.

MCHANGIAJI WA PILI

Mwanangu mleta uzi, mimi ni mtu mzima wa Lamu, na nimefurahi kuona umetumia neno haya badala ya aibu. Lakini umelitumia mara mbili kwa mstari unaosema ni ule ule, na nadhani Kiswahili chetu hakikuruhusu.

Haya huja kabla ya tendo. Mtu mwenye haya hatendi ovu kwa sababu anawaheshimu walio mbele yake, na kwetu kumwambia mtu hana haya ni tusi kubwa. Fedheha huja baada ya tendo: limeshatendeka, watu wameshaona, na mtu hana pa kuuficha uso. Kwa hiyo maneno aliyomwambia mkewe langoni ni ya haya, na ni maneno ya mwungwana. Mwanamume yeyote aliyelelewa vyema angeyasema. Maneno aliyojisemea nje ya lango siku ya mwisho ni ya fedheha. Mgiriki anatumia neno moja mahali pote pawili, na huenda ndiyo maana Hector mwenyewe hakuweza kuona kwamba jambo limebadilika mikononi mwake. Haya ilimlinda maisha yake yote. Siku ilipogeuka fedheha, yeye aliendelea kuitii kana kwamba bado ni haya.

MLETA UZI

Mama yangu, shikamoo, au baba yangu kama nimekosea. Nimefundisha kisa hiki kwa miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo. Umenisahihisha mahali ambapo hoja yangu ilikuwa dhaifu zaidi, kwa sababu nilimhukumu Hector wa kitabu cha 6 kwa kosa la Hector wa kitabu cha 22.

MCHANGIAJI WA TATU

Wakuu, naomba kuuliza. Kuna haja gani ya kumsifu Achilles kwa kuchagua kifo ikiwa mwili wake ulikuwa hauingiliki kwa silaha, isipokuwa kisigino? Ni kama Liyongo wetu, ambaye hakuna kilichomuua ila sindano ya shaba kitovuni. Aliyekuwa na hatari kweli ni Hector, ambaye alikuwa mtu wa kawaida.

MLETA UZI

Swali zuri, na jibu lake linabadilisha kila kitu. Kisigino hakimo kabisa katika Iliad. Hadithi ya Thetis kumchovya mtoto katika mto Styx tunaikuta kwa mshairi wa Kirumi Statius, wa karne ya 1 baada ya Kristo, miaka mamia baada ya Homer. Achilles wa Iliad anatoka damu kama mtu mwingine yeyote. Katika kitabu cha 21 Asteropaeus, aliyeweza kurusha mikuki miwili kwa mikono yote miwili kwa pamoja, anampata kwa mmoja kwenye mkono wa kulia na damu inamwagika. Siri ya Liyongo ilikuwa mahali mwilini ambapo adui alipaswa kupajua. Kwa Achilles hakuna siri: mama yake amemwambia waziwazi kwamba akimuua Hector, kifo chake mwenyewe kinafuata papo hapo, naye anajibu basi na nife sasa hivi. Hector, kinyume chake, alipoambiwa na Patroclus anayekata roho kwamba kifo kimeshamsogelea, alijibu kwamba nani ajuaye, huenda Achilles ndiye atakayetangulia.

MCHANGIAJI WA NNE

Mimi nakubaliana na mleta uzi kuhusu kitabu cha 9, ila sioni jinsi anavyoweza kukiunganisha na yanayofuata. Mtu aliyehoji thamani ya vita anageuka kuwa mchinjaji. Anamuua Lycaon, mwana wa Priam, kijana asiye na silaha aliyempigia magoti. Anachinja vijana kumi na wawili wa Troy juu ya kuni za mazishi ya Patroclus. Anamburuta Hector nyuma ya gari lake la farasi, miguu imetobolewa na kupitishwa kamba za ngozi. Huo uhuru uliousifu umemfikisha wapi? Mimi naona msukumo wake ulikuwa kwanza heshima, halafu kisasi, na hakuna cha tatu.

MLETA UZI

Ndugu yangu, sitayatetea hayo, wala Homer hayatetei. Apollo mwenyewe anawaambia miungu wenzake kwamba Achilles amepoteza huruma na hana haya, na kwamba anaidhalilisha ardhi isiyo na hisia. Ila ningependa uone kitu kimoja katika kisa cha Lycaon. Achilles anakiri kwamba kabla Patroclus hajafa alipendelea kuwasamehe watu wa Troy na kuwauza hai, na Lycaon mwenyewe alikuwa mmoja wao. Hata Eetion, baba yake Andromache, Achilles alimuua lakini hakumvua silaha; aliuteketeza mwili wake pamoja nazo kwa heshima na kumjengea kaburi. Kwa hiyo ukatili ule haukuwa tabia yake ya siku zote, ulikuwa majonzi yaliyokosa pa kwenda. Na anapomuua Lycaon anamwita rafiki. Anamwambia afe tu, analia nini, Patroclus amekufa aliyekuwa bora kuliko yeye, na mimi pia, anasema, asubuhi moja au jioni au mchana nitakufa. Ni maneno ya kutisha, lakini ni ya mtu anayejihesabu miongoni mwa wafu tayari, hajihesabu miongoni mwa washindi.

Cha tatu kipo, nacho kimo katika kitabu cha 24. Priam anakuja usiku, mzee peke yake na mtumishi wake, mungu Hermes akimwongoza, anaingia hemani na kuibusu mikono iliyowaua wanawe wengi. Hamwombi kwa jina la heshima, anamwomba amkumbuke baba yake Peleus, mzee wa umri kama wake, aliyeko mbali bila mtu wa kumlinda. Achilles anamshika mkono, anamsogeza taratibu, na wote wawili wanalia, Priam kwa ajili ya Hector, Achilles kwa ajili ya baba yake na tena kwa ajili ya Patroclus. Halafu anamwinua mzee kwa mkono, anamkalisha, na baadaye anamhimiza ale, akimkumbusha kwamba hata Niobe alikula baada ya kufiwa na watoto wake wote. Mwishowe anamuuliza anahitaji siku ngapi za mazishi, na anamwahidi kulizuia jeshi siku hizo zote, bila kumuuliza Agamemnon. Hakuna sifa anayoipata kwa hilo. Hakuna hata Mgiriki mmoja mkuu aliyekuwapo kumwona.

MCHANGIAJI WA PILI

Mwanangu, nirudi mara moja tu. Umetaja mazishi, na wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Utenzi huo unasema ni nani aliyemwosha Hector?

MLETA UZI

Unasema, mzazi wangu. Wajakazi wa Achilles walimwosha na kumpaka mafuta, kwa amri yake, lakini aliagiza wampeleke kando, ili Priam asimwone mwanawe katika hali ile, akashindwa kuizuia hasira yake, na Achilles naye akapandwa na hasira akamuua mzee. Anaijua tabia yake, kwa hiyo anaikinga mapema. Katika mali ya fidia iliyokuwa kwenye gari la nyumbu, waliacha joho mbili na kanzu moja za kumfunikia, ili arudi nyumbani akiwa amevikwa. Wakumbuke wasomaji kwamba siku aliyouawa Hector alivuliwa akabaki uchi, na Wagiriki walimzunguka wakilistaajabia umbo lake, na hapana aliyemkaribia bila kumchoma mkuki.

Baada ya kumfunika, Achilles alimwinua mwenyewe kwa mikono yake na kumlaza juu ya jeneza, na wenzake wakamsaidia kulipandisha garini.

MCHANGIAJI WA PILI

Basi alimsitiri. Mtu aliyeogopa macho ya watu maisha yake yote, aliyemsitiri ni adui yake.